Moto Niliokataa Kuubeba

Neno lile nililitamka mimi kwanza. Nalisema mapema kabisa, usije ukafika katikati ukaanza kunipenda bure.

Naitwa Benta. Nimeolewa Muhuru Bay, katika boma la marehemu mzee Ogweno, na mume wangu ni Stanley, mtoto wake wa pili. Lakini habari hizi ni za mtoto wa kwanza, shemeji yangu Wesley, fundi wa injini za boti. Wesley alikuwa mtu wa miguu mirefu na haraka nyingi. Ukiandamana naye kwenda sokoni unabaki nyuma unakimbia kama mtoto aliyetumwa chumvi. Injini ikizima ziwani, mwenye boti aliuliza jambo moja tu, Wesley yuko wapi. Wesley aligusisha bisibisi kwenye chuma, akaweka sikio kwenye mpini, akasikiliza, kisha akamwambia mwenyewe kilichoharibika. Mke wake ni Risper. Kwa desturi ya kwetu mimi na Risper tunaitana nyieka, yaani mke mwenza, ingawa kila mmoja ana mume wake na kelele zake.

Ili unielewe, lazima nikueleze ligala. Kwetu Waluo kijana akioa hukaa kwanza ndani ya boma la baba yake. Baadaye anatoka, anaanzisha boma lake mwenyewe kwenye shamba lake, na siku hiyo ya kutoka haichezewi. Asubuhi mapema mume anashika jogoo, mtoto wake wa kwanza wa kiume anabeba shoka, na mke anabeba moto kutoka jikoni mwake. Baba anawaongoza, au kama baba amekufa, ndugu yake baba. Nyumba inajengwa siku hiyo hiyo, hata kama ni ya udongo na chumba kimoja, na jua likizama mume na mke wanalala humo. Na kuna zamu. Mkubwa hutoka kwanza, mdogo hawezi kumruka. Kwa hiyo Stanley hakuweza kutoka kabla Wesley hajatoka.

Na mimi nilitaka kutoka, weh. Miaka saba nimekaa kwa mama mkwe, mwanamke mzuri sana anayehesabu vijiko. Stanley anachimba dhahabu kule Osiri, anarudi kila baada ya wiki mbili na matope masikioni, analala, anaondoka. Mimi nabaki. Nilitaka nifungue mlango wangu asubuhi nimkute kuku wangu, si kuku wa mama.

Machi 2023 tukaona mwanga. Wesley alikuwa amenunua mawe na mabati, akayapeleka shambani kwake kule chini, mwendo wa dakika kumi kutoka bomani. Ligala ilipangwa Aprili. Halafu watu wakaanza kuiba mabati kijijini, na Wesley, haraka zake zile, akabeba blanketi akaenda kulala shambani usiku mmoja kulinda mali yake. Alilala peke yake, bila mke, bila jogoo, bila moto, kabla ya siku. Mama mkwe alipopata habari asubuhi alishika kichwa. Wesley akacheka, akasema kwani mabati yana macho.

Siku sita baadaye aliamka na maumivu yamemzunguka kifuani kama mshipi uliokazwa. Kufika saa nne miguu ilikuwa inawaka moto. Kufika saa nane alijaribu kusimama kutoka kwenye kiti, akaanguka chali, na miguu ile mirefu ikabaki palepale ilipoangukia. Alikuwa anaitazama kwa mshangao. Tulimbeba tukamlaza kitandani. Nikatoka nje, nikasimama kando ya dirisha lake pamoja na mama mkwe, nikasema: "Mama, hii ni chira. Alilala ligala kabla ya wakati."

Chira ni kile kinachompata mtu aliyevunja mila: mwili unaharibika, na hospitali haina dawa yake. Ukishalitamka neno hilo, halirudi mdomoni. Mama mkwe tayari alikuwa na hofu hiyo rohoni, alikuwa anangoja tu mtu wa kumwambia. Wakatafutwa wenye manyasi, zile dawa za mizizi za kusafisha chira, na kwa siku tatu Wesley akanyweshwa, akaogeshwa, akanyunyiziwa. Risper alikuwa akilia kwamba mume wake hakojoi. Tukamwambia atulie. Mimi mwenyewe nilimwambia atulie.

Siku ya nne tumbo la Wesley lilikuwa limevimba, gumu. Risper hakumwomba mtu ruhusa. Alisimamisha gari lililokuwa limeleta magunia sokoni, akamlaza mume wake kiti cha nyuma, wakapita Migori, wakaambiwa waendelee Homa Bay. Nilikwenda nao, nikiwa nimeshika miguu yake kwenye mapaja yangu. Ilikuwa ya moto na mizito, na kila gari lilipopiga shimo ilirukaruka yenyewe.

Daktari wa Homa Bay alikuwa kijana mpole. Alisema ni uti wa mgongo: umevimba kwa ndani, kinga ya mwili wake mwenyewe imeushambulia. Hakuna aliyemroga na hakuna alichovunja. Wangempa dawa za kutuliza uvimbe na tungoje. Kisha akauliza ilianza lini. Risper akasema, siku nne. Daktari akaandika kwenye faili. "Angekuja siku ile ile tungekuwa na nafasi nzuri zaidi," akasema. Hakumlaumu mtu. Mimi nilitoka nikaenda kusimama chooni mpaka nikachoka kusimama.

Alikaa Homa Bay miezi minne. Mikono na kifua vilibaki vyake, lakini kuanzia kitovuni kwenda chini, bure. Kidole gumba cha mguu wa kulia tu ndicho kilichokuwa kikicheza siku kikipenda. Wa kumfundisha kuishi alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyeitwa Bitutu, mwanamke wa Kisii, mfupi, Msabato, asiyependa mzaha wala kilio. Alimfundisha kujigeuza kila baada ya saa mbili, kujitoa mkojo kwa mpira safi, kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa nguvu za mikono. Wiki za kwanza Wesley alikuwa anageukia ukutani. Bitutu akamwambia, "Baba, ukuta huo nimeupaka rangi mimi, hauna jipya. Geuka huku." Na somo lake kubwa lilikuwa ngozi. Ngozi isiyosikia inaungua, inachubuka, inaoza, na mwenyewe hana habari. Akamwambia Risper wapate kioo, Wesley ajitazame makalio na visigino kila asubuhi. Risper akamletea kioo cha pembeni cha pikipiki. Siku hiyo ndiyo Wesley alicheka mara ya kwanza, akasema sasa yuko tayari kuangalia anayetaka kumpita.

Aliporudi nyumbani nilidhani tumerudishiwa mgonjwa. Wiki ya pili akaomba ateremshiwe meza yake ya kazi. Fundi Maroa, Mkuria anayechomelea vyuma pale kituoni, akaikata miguu ya meza, akamtengenezea na kiti chenye magurudumu ya baiskeli, maana kile cha hospitali kilikuwa cha sakafu laini na huku kwetu ni mawe. Injini zikaanza kuja, za hapa Muhuru kwanza, baadaye mpaka za kisiwa cha Takawiri, boti nzima ikimleta mwenzake mgonjwa. Bisibisi, sikio kwenye mpini, jibu. Mwaka ukageuka. Watoto wake wakarudi kufanya kelele bila kuogopa. Risper aliweka kengele kwenye simu ya kumgeuza usiku, na baada ya muda hata sisi tulizoea kuisikia.

Jambo moja tu halikusogea. Mawe na mabati yalikuwa bado kule chini shambani, majani yameota juu yake, na Wesley alikuwa bado analala katika boma la mama yake kama kijana aliyeoa jana.

Juni 2024 akaja baba mdogo, mzee Obuya, mdogo wa marehemu baba mkwe, yeye ndiye wa kutuongoza. Mzee huyu ni mtu wa kanisa la Wasabato. Jumamosi anasimama mbele anasema mila za zamani ni giza, Jumapili anazunguka boma kwa boma kuuliza nani amezivunja. Tukaketi. Akasema ligala imekwama mwaka mzima na vijana wanazeeka. Wesley atoke ifikapo mavuno ya Agosti. Asipotoka, Stanley atatoka.

Wote tulielewa maana yake. Kumruka kaka mkubwa aliye hai ni kusema huyu si wa kuhesabiwa tena. Atabaki kwa mama, na siku akifa atazikwa katika boma ambalo si lake, na watoto wake watakuwa watoto wa mtu asiye na mlango.

"Nitatoka," Wesley akasema.

"Kwa namna gani?" mzee akauliza. "Mwanamume haingizwi bomani kwake kwa kubebwa. Anayebebwa kuingizwa ni maiti. Ukibebwa siku hiyo, mimi sitakuwepo."

"Sitabebwa, baba."

Na mimi? Mimi nilikuwa nahesabu siku za Agosti. Atoke yeye au atoke Stanley, kwangu ilikuwa ni mlango tu. Nakuambia ukweli.

Wesley akarudi Homa Bay kwa Bitutu, akataka vyuma vya kufungwa miguuni, atembee. Bitutu alimwambia vyuma hivyo ni vya kusimamia ndani ya vyumba, damu izunguke, mifupa ipate kazi. Si vya kutembelea shambani. Wesley hakusikia. Alirudi navyo, na Julai nzima alijifungia nyuma ya kibanda cha injini, magongo mawili kwapani, akijirusha hatua moja baada ya nyingine, jasho linamdondoka kidevuni. Hatua nne, sita, tisa. Risper alikuwa anahesabu kwa sauti. Mimi nilikuwa nachambua dagaa wa omena upande wa pili na kusikia zile namba zikipanda, na nilianza kupanga sufuria zangu.

Kioo cha pikipiki wakakisahau. Furaha ndiyo iliyowasahaulisha. Chuma kilikuwa kimemla kisigino cha kushoto siku nyingi, na yeye hasikii. Risper alipogundua kwa harufu, kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Homa Bay tena, safari hii kwa kidonda, na Bitutu hakumsalimu kwa siku mbili. Alirudi katikati ya Agosti na amri: kulala kifudifudi, kiatu marufuku, vyuma marufuku. Mahindi yakavunwa. Mzee Obuya akaja akasema yeye alishasema. Jumapili ya pili ya Septemba, Stanley atatoka.

Stanley alikaa akatazama mikono yake. Mume wangu huingia kwenye shimo la Osiri futi themanini chini ya ardhi bila kusita, lakini mbele ya wazee anakuwa mtoto wa shule. Hakukubali, hakukataa. Nilinunua beseni jipya, jekundu.

Wiki moja kabla ya siku hiyo nilimpelekea Wesley uji, Risper alikuwa mtoni. Nilimkuta amelala kifudifudi kwenye godoro sakafuni, kidevu kwenye mto, mikono mbele yake, anapiga tupa kipande cha chuma. Chak, chak. Kando yake palikuwa na vingine vitatu vilivyokwisha kung'arishwa.

"Ni nini hivyo, shemeji?"

"Bawaba," akasema. "Za mlango wenu. Nyumba ya siku moja watu hufungia mlango kwa kamba na waya, halafu unalia usiku kucha. Wenu usilie."

Niliweka uji chini. Sikuweza kusema asante, maana ningefungua mdomo lingetoka jingine. Nilikwenda nikaketi jikoni kwangu nikakasirika. Nilimkasirikia yeye kwa nini asinichukie kidogo. Halafu nikakasirikia beseni, nikalipiga teke likaenda mpaka kwenye majivu.

Hata hivyo Jumapili ilipofika nilivaa, nilitii. Ndivyo watu walivyo, wanajua na bado wanavaa. Kulikuwa bado na ukungu kutoka ziwani. Stanley akapewa jogoo. Kijana wetu wa kwanza akapewa shoka, na usingizi wake machoni. Mimi nilichota makaa jikoni kwangu, nikayaweka kwenye kigae cha chungu na majivu juu yake. Majirani walikuwa wameshatangulia na fito. Mzee Obuya alikuwa mbele, amevaa koti la kanisani, na sisi tukamfuata kuelekea mlangoni pa boma.

Njia inapita mbele ya nyumba ya Wesley. Mlango ulikuwa wazi. Risper alikuwa amesimama kizingitini, ameshika zile bawaba nne zimefungwa kwa kitambaa, anatungoja atupe. Hakuwa analia. Alikuwa amepaka mafuta na kufunga kilemba chake kizuri, cha kutupeleka kwa heshima.

Miguu yangu ikakataa. Sisemi hivyo kwa mzaha, na mimi nimeona miguu iliyokataa. Nikaweka kigae chini, nikaketi kando yake, kwenye umande, na nguo yangu mpya.

"Inuka, nyar Karungu," mzee akasema. Ndivyo wanavyoniita, binti wa Karungu, nilikozaliwa. "Jua halikungoji."

"Mimi siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siendi. Bila mke na moto hakuna ligala, wewe ndiye uliyetufundisha. Basi moto huu hapa, na mke huyu hapa, na wote tumekaa."

Mama mkwe akaanza kunisihi kwa sauti ya chini. Mzee akasema nimerogwa, akasema ninaleta aibu, akasema mengi. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema nililolificha mwaka mmoja na nusu. Nilisema siku ile miguu ya Wesley ilipokufa, mimi ndiye niliyesema chira. Mama hakusema, ni mimi. Siku tatu za manyasi ni zangu. Daktari alisema angekuja mapema angekuwa na nafasi, na nafasi hiyo niliila mimi nikaimaliza. Sasa mnataka nichukue na zamu yake? Nikaanza kulia vibaya, kamasi na kila kitu, mbele ya majirani waliokuwa wamerudi kuona kwa nini tumechelewa.

Risper alikuwa amesimama palepale na zile bawaba. Hakunitazama.

Mzee akamgeukia Stanley. "Mwambie mke wako ainuke."

Stanley alimtazama jogoo aliyemshika, kama jogoo ndiye wa kumjibu. Halafu akamwachilia. Jogoo akakimbilia kwenye mabua. "Baba," akasema, "mke ninaye mmoja tu, na kaka ninaye mmoja tu. Sitamruka." Ni maneno marefu kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwambia mzee.

Ndipo sauti ya Wesley ikatoka ndani, kutoka sakafuni. "Baba, nipe wiki nne kidonda kifunge. Nitaingia, na sitabebwa. Nikibebwa, mchukue Stanley siku hiyo hiyo, na moto nitauwasha mimi." Mzee Obuya alisimama na koti lake akiwa hana wa kumwongoza. Mwishowe akasema wiki nne, na iwe Jumapili, akaondoka bila chai.

Wiki nne hizo Wesley alilala kifudifudi bila kubishana na mtu. Kioo asubuhi, kioo jioni. Bitutu alipopigiwa simu akaambiwa mpango mpya, aliuliza kwanza kama vyuma vimo. Akaambiwa havimo. Akasema basi aendelee, na akamwagiza jambo moja ambalo Wesley hakutuambia.

Siku yenyewe ilikuwa Oktoba, mvua za vuli zimeanza usiku ule. Tulitoka bomani Risper akiwa na moto wake, kijana wao na shoka, Wesley kwenye kiti cha Maroa na jogoo amefungwa miguu mapajani mwake. Mimi nilitembea kando ya Risper. Hakuwa amenisemesha wiki nne. Aliponisalimu alinisalimu kwa mdomo tu, na sikumlaumu. Wesley alijisukuma mwenyewe njia nzima, mitaro yote, na Maroa alikuwa nyuma ameficha mikono mfukoni asije akasahau akasukuma.

Tulipofika mwanzo wa shamba, udongo mweusi ulikuwa umekunywa maji. Magurudumu yakazama. Akasukuma, yakazama zaidi. Mpaka pale palipowekwa alama ya nyumba palikuwa kama hatua thelathini. Vijana wanne wakakimbia, wameshainama kukiinua kiti.

"Msiniguse," Wesley akasema.

Akampa kijana wake jogoo. Kutoka chini ya kiti akavuta kipande kipana cha mpira wa ndani wa tairi, kilichoshonwa mikanda, akakifunga kwenye makalio na nyuma ya mapaja, kisha akavaa soksi nzito zenye mpira visiginoni. Hicho ndicho Bitutu alichomwagiza: ngozi isiguse ardhi, hata kidogo. Kisha akajiteremsha kama alivyofundishwa, mkono mmoja kwenye kiti, mwingine matopeni, akaketi. Akatupa mgongo upande wa nyumba. Akaweka viganja chini, akajiinua, akajisogeza nyuma, akavuta miguu kwa mikono, moja, ya pili. Tena. Aliingia kinyumenyume, uso umetuelekea sisi, haoni anakokwenda.

Hatua ya tano nikaona mtu anampita pembeni. Ni mzee Obuya. Alikwenda nyuma ya mgongo wa Wesley, kwenye njia ambayo Wesley haioni, akainama na koti lake la kanisani, akaanza kuokota mawe na miiba na kuitupa kando. Alikuwa anafanya haraka, anapumua kwa shida, na suruali yake ilijaa matope mpaka magotini. Kila Wesley alipofika palikuwa pameshasafishwa.

Nilitazama kando. Mvua ilikuwa imeanza tena na moto wa Risper ulikuwa unafuka, unakufa. Nilivua leso yangu nikaitanda juu ya kigae, nikasimama hivyo nikiwa nimeinua mikono. Tulikuwa tumekaribiana nyuso. "Inamisha kidogo," Risper akasema, "upepo unatoka huku." Nikainamisha. Tukaingia shambani hivyo, wawili na moto mmoja, tukimfuata.

Wesley alichimba shimo la nguzo ya kwanza akiwa ameketi, kwa mtaimbo mfupi. Mzee akaishika nguzo, Wesley akashindilia udongo. Baada ya hapo kelele zikarudi, watu wakakandika, wakapiga mabati, wanawake wakabishana kuhusu chumvi ya mboga. Saa kumi na moja nyumba ilikuwa imesimama, imepinda kidogo upande wa ziwa, na moshi wa Risper unatoka mlangoni.

Nilimkuta Wesley nje amejiegemeza ukutani, anajikagua visigino kwa kile kioo. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeomba msamaha kwa kila mtu isipokuwa yeye.

"Shemeji, ulisikia nilichosema ile asubuhi?"

"Nilikusikia siku ile ya kwanza," akasema. "Ulisimama dirishani kwangu. Miguu ndiyo ilikufa, Benta. Masikio hayakufa."

Mwaka mmoja na nusu. Kila sahani ya chakula niliyompelekea, kila uji, alikuwa anajua. Na zile bawaba.

"Kwa nini hukusema?"

Akageuza kioo akaangalia kisigino kingine. "Niseme nini? Hata mimi niliamini. Nilikuwa nimelala pale nikiwaza lile blanketi na ule usiku. Risper alitaka kunipeleka siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemkatalia. Nilimwambia angoje manyasi." Aliweka kioo chini. "Ulinisaidia kulisema tu."

Tulikaa hapo wawili, wajinga wawili, mpaka Risper akatuita kula.

Bawaba hakuziweka kwenye mlango wake. Risper alitaka, akamwambia hapana, zile zina mwenyewe. Mlango wao ukafungwa kwa waya, na ukalia miezi mitatu mpaka alipopata chuma kingine. Januari ilikuwa zamu yetu. Mzee Obuya alisema magoti yanamuuma tangu Oktoba, na sasa kuna kaka mkubwa mwenye boma lake, basi yeye ndiye atuongoze. Kwa hiyo asubuhi ile mbele yetu kilikwenda kiti cha magurudumu ya baiskeli, na udongo ulikuwa mkavu. Stanley alimfuata na jogoo, kijana na shoka, na mimi nyuma na moto wangu. Wesley aligeuza kichwa mara moja.

"Kaza mwendo, nyar Karungu," akasema. "Kwani nyinyi wenye miguu mna shida gani?"